Jiji Lililofunga Choo kwa Makofi

Zamani hizi hizi, wala si zile za kale, palikuwa na jiji liitwalo Makofini. Nchi yake sitaitaja, kwa kuwa ni nchi yenye wanasheria wengi kuliko madaktari, na mimi ni mpiga tarumbeta tu.

Niseme mapema kwamba naipenda Halmashauri ya Jiji letu. Naipenda kwa moyo wote, na siku mshahara unapotoka naipenda zaidi. Bendi ya Jiji huketi kando ya jukwaa, karibu kabisa na miguu ya wakubwa, kwa hiyo haya ninayoyasimulia nimeyaona kwa macho, mengine nimeyaona kwa viatu.

Kabla ya yote, mgeni aelewe desturi yetu moja. Makofini, mtu akisimama kuzungumza mbele za watu haketi mpaka apigiwe makofi. Akiketi bila makofi ameaibika yeye na ukoo wake, na watoto mitaani watamtungia wimbo. Ndiyo maana sisi tunampigia kila mtu. Msibani akisoma mtu wasifu wa marehemu, tunapiga. Mwizi wa kuku akisimama kuomba radhi, tunapiga. Si kwamba tumekubali kuku aibiwe. Tunamsaidia mwenzetu akae, maana kusimama kunachosha.

Wakubwa wa Halmashauri walizaliwa hapa hapa na desturi hii waliinyonya kwa mama zao. Lakini wamepigiwa makofi miaka mingi mno, mpaka wamesahau ya nini. Wakadhani ni maoni.

* * *

Jiji liligundua kuwa limefilisika asubuhi moja, pale gari la mbele la msafara wa Meya lilipozima katikati ya barabara kwa kukosa mafuta. Gari la mbele kazi yake ni kutangaza kwamba Meya anakuja. La nyuma huthibitisha kwamba amepita. Siku hiyo la nyuma lilithibitisha kabla la mbele halijatangaza, na mji mzima ukachanganyikiwa.

Meya wetu ni Mheshimiwa Kanali Profesa Lukindo Ngwale. Ukanali alitunukiwa na chuo kikuu na uprofesa alitunukiwa na jeshi, na vyote viwili ni vya heshima. Alimwita Mkurugenzi wa Fedha, Bwana Tundwe, akamuuliza hela zimekwenda wapi. Bwana Tundwe ni msomi, hajibu swali bila utafiti. Alisafiri na ujumbe wa watu kumi kwenda nchi tatu za baridi kujifunza jinsi miji mingine inavyopoteza fedha zake. Aliporudi, amenenepa na amevaa koti la manyoya, alitoa taarifa kwamba fedha zimepungua zaidi tangu alipoondoka, na kwamba sababu bado inachunguzwa.

Basi Halmashauri ikakaa kutafuta pa kukata. Msafara wa Meya haukukatika, kwa sababu Meya asiyetangazwa atajulikanaje? Kamati ya Kupunguza Posho ilikaa wiki nzima, kwa posho, ikaona kwamba posho hazina tatizo lolote. Kuhusu bendi, Mheshimiwa alisema jiji lisilo na bendi ni kijiji, na hapo nilitikisa kichwa kwa uchungu wa kizalendo.

Kikabaki choo cha soko. Choo hakina dereva. Hakina shemeji Halmashauri. Hakijawahi kuzungumza na waandishi wa habari. Lakini kilikuwa kinakula maji, sabuni na mshahara wa mlinzi mmoja, na Bwana Tundwe akathibitisha kwa mchoro wa rangi kwamba choo hicho ndicho kilichokuwa kikilitafuna jiji.

Kwa upande wa mapato walibuni vyanzo vipya viwili. Cha kwanza ni ushuru wa kivuli, kwa kila atakayesimama chini ya mti wa jiji jua likiwa kali. Cha pili ni leseni ya kubishana bei sokoni, kwa kuwa wanaobishana wanatumia hewa ya jiji.

* * *

Sasa, sheria inasema wananchi washirikishwe. Halmashauri yetu inaiheshimu sheria kama mtu anavyomheshimu mama mkwe, kwa mbali na kwa kifupi. Tuliitwa Ukumbi wa Uwazi, ambao hauna dirisha hata moja, tukapewa soda na andazi, na Bwana Chekanao akashika kipaza sauti.

Bwana Chekanao ni Afisa Mshereheshaji Mkuu wa Jiji. Yeye ndiye mtaalamu wa makofi ya kilo. Kilo moja ni makofi ya adabu, kilo mbili ni ya furaha, na kilo tano ni ya mtu anayetafuta kazi.

"Ndugu wananchi," alisema, "leo ni siku yenu, nyinyi ndio wenye jiji! Pendekezo likisomwa, mtapiga makofi. Makofi mengi yatahesabiwa kuwa ni ndiyo. Makofi machache yatahesabiwa kuwa ni ndiyo ya unyenyekevu."

"Na anayetaka kusema hapana?" mtu mmoja aliuliza kutoka nyuma.

"Hapana zitapokelewa kwa maandishi mwaka ujao wa fedha. Makofi ya kilo moja kwa muulizaji!"

Tukapiga, muulizaji akakaa.

Ndipo akasimama Bi Sijaona Mkwepu. Huyu ni muuza mihogo ya kukaanga, na meza yake iko pale langoni mwa soko tangu mumewe alipofariki. Ni mama mnene, mcheshi, mwenye ulimi wa pilipili, na ana maradhi ya sukari. Wenye maradhi hayo wanajua: haja ikibisha hodi haingoji mteja achague kipande. Choo cha soko kilikuwa nyuma yake tu. Alikuwa anakwenda na kurudi kabla mhogo haujabadilika rangi.

Na ilikuwa lazima arudi upesi, kwa sababu soko letu lina amri moja kali: meza isiyo na mtu haina mwenyewe. Mgambo akiikuta wazi anaibeba, kisha anapewa mwingine anayeisubiri, na wanaosubiri meza ya langoni ni wengi kuliko mihogo yenyewe.

"Mheshimiwa, shikamoo," alisema Bi Sijaona. "Mimi ni mgonjwa wa sukari. Mkifunga choo, kilichobaki ni kile cha stendi, na stendi iko ng'ambo ya reli. Nikienda huko, meza yangu inabebwa. Nisipokwenda, baba, nitaaibika mbele ya wateja, mtu mzima mimi. Sasa naomba mnieleze, niende au nisiende?"

Bwana Tundwe akasimama, akarekebisha koti lake la manyoya, jasho likimtiririka.

"Swali zuri sana, na namshukuru mama kwa uzalendo wake. Utafiti wetu wa nchi za nje umebaini kwamba binadamu anayepunguza kunywa maji hupunguza pia mahitaji yake. Kwa hiyo wananchi wanashauriwa kupunguza."

"Makofi ya kilo tatu kwa mama!" alipaza sauti Bwana Chekanao.

Bi Sijaona alikuwa bado amesimama, mdomo wazi. Tungemwacha hivyo? Tulimhurumia, tukampigia makofi kwa nguvu zote ili apate kukaa. Akakaa. Na Bwana Tundwe akasoma matokeo: choo kufungwa, kumepita kwa kilo tatu.

* * *

Choo kilifungwa kwa sherehe. Makofini kitu cha umma hakifunguliwi bila kukatwa utepe na kutolewa hotuba, iko katika sheria ndogo za jiji, na Mheshimiwa mwenyewe ndiye aliyeitunga. Kwa kuwa sheria haikusema lolote juu ya kufunga, alibuni papo hapo: alikata maji kwenye bomba la nje, akatia kufuli, kisha akafunga utepe mwekundu mlangoni, fundo zuri kama la zawadi. Bendi tulipiga wimbo wa ushindi. Gharama za sherehe zilimeza kile kilichookolewa, lakini Bwana Tundwe alieleza kwamba hizo ni hesabu za juu, si za kila mtu.

Pakabandikwa ubao: CHOO HIKI KIMEFUNGWA KWA RIDHAA YA WANANCHI, KILO TATU.

Siku ya kwanza Bi Sijaona alivuka reli akimwachia meza jirani yake, Mama Nyamizi muuza nyanya. Mgambo akasema mtu mmoja hawezi kuwa mwenye meza mbili, akabeba karai la mafuta. Bi Sijaona alilirudisha kwa kuomba, kwa kupiga magoti, na kwa mihogo ambayo mgambo aliila papo hapo akisema ni kielelezo. Akaonywa kwamba safari nyingine itakwenda meza yenyewe.

Basi akaanza kufuata ushauri wa Halmashauri. Akapunguza maji. Mtu wa sukari kupunguza maji, jamani! Midomo ilimpasuka, macho yakaingia ndani, na mchana mmoja alianguka pale pale langoni, nusura ajimwagie mafuta ya moto. Mimi nilikuwa napita na tarumbeta langu. Tulimpepea kwa kifuniko cha tenga, tukamnywesha maji. Alipozinduka alilia, si kwa maumivu, bali kwa sababu maji yale alijua yatataka kutoka. Nilikasirika siku ile. Sikujua nimkasirikie nani, maana naipenda Halmashauri, lakini nilikasirika.

Alipotulia akauinulia macho ule ubao.

"Ridhaa ya nani hiyo?" aliuliza.

"Yetu," alisema Mama Nyamizi. "Si tulipiga makofi?"

"Wewe ulipiga ya nini?"

"Nilipiga ukae, shoga. Ulikuwa umesimama unatia huruma."

Bi Sijaona aliusoma ubao tena. Kisha akaanza kucheka, cheko la mtu aliyepoteza ufunguo akaukuta mfukoni.

"Kumbe makofi yetu ya kumkalisha mtu wao wanayapima kwenye mizani! Haya. Wakija tena, kila mtu aje na kazi ya mikono. Wala msiwatukane. Adabu zetu zote pale pale. Ila mikono isiwe na nafasi."

* * *

Walikuja tena, maana baada ya kuokoa fedha nyingi kiasi kile jiji lilikuwa limefilisika zaidi. Safari hii Mheshimiwa alisema atawafuata wananchi walipo. Jukwaa likajengwa sokoni, mbele ya choo, ili choo kilichofungwa kionekane nyuma yake kwenye picha kama mfano wa utendaji. Ulikuwa mkutano wa kupitisha ushuru wa kivuli na leseni ya kubishana, na jua lilikuwa la kupasua mawe. Mezani kwa Mheshimiwa zilipangwa chupa za maji baridi, kwa sababu ule ushauri wa kupunguza uliwahusu wananchi.

Soko zima lilihudhuria. Mama Nyamizi alikumbatia tenga la nyanya. Wauza kuku walishika kuku, mmoja kila mkono. Wauza kahawa walishika birika na vikombe, kinyozi alishika kichwa cha mteja, na wenye watoto walibeba watoto, wasio nao waliazima. Bi Sijaona alisimama mstari wa mbele na karai lake, kalishika kwa mikono miwili.

Mheshimiwa alihutubia vizuri mno. Alisema jiji ni kama mwili, na ushuru ni kama damu, na wananchi ni kama, alifikiri kidogo, wananchi. Alikunywa chupa nzima. Akamaliza: "Kwa hayo machache, nawashukuru kwa kunisikiliza!"

"Makofi ya kilo tano!" alinguruma Bwana Chekanao.

Watu walitabasamu. Walitikisa vichwa kwa heshima. Kuku mmoja alilia. Makofi hayakuja.

Mheshimiwa, aliyekuwa ameshaanza kuinama aketi, akanyooka tena kama aliyekalia msumari. Nilimwona anaitazama halaiki, kisha kiti, kisha halaiki. Ukoo wake wote ulikuwa jukwaani na kofia zao.

"Na kwa kuongezea," alisema.

Akaongezea. Alieleza historia ya jiji. Alieleza utoto wake, na jinsi alivyokuwa wa kwanza darasani, na aliyekuwa wa pili. Kila akikauka koo alikunywa chupa nyingine, na kila akimaliza Bwana Chekanao alipiga kelele za kilo, akishuka bei mpaka robo, mpaka gramu. Kimya. Bwana Chekanao mwenyewe angepiga, lakini kwa sheria ya kazi yake mshereheshaji hapigi, na pia kipaza sauti kilikuwa mkononi. Wajumbe wa Halmashauri, ambao ni shemeji na binamu zake, walijaribu, wakakumbuka kwamba makofi ya ndugu hayahesabiki Makofini, la sivyo kila mtu angehutubia nyumbani.

Jua likapita utosini. Mheshimiwa akaanza kutoa.

"Leseni ya kubishana tumeifuta!"

Watu wakatabasamu zaidi.

"Ushuru wa kivuli nao... tumeuondoa! Simameni kivulini mpendavyo!"

Wengi walisogea kivulini, na matenga yao mikononi.

Mimi, kwa kuwa naiona miguu, ndiye niliyejua kwanza. Mguu wa kulia wa Mheshimiwa ulivuka ukakaa mbele ya wa kushoto. Kisha wa kushoto mbele ya wa kulia. Hotuba yake ikaanza kupoteza vitenzi. Alinigeukia, akanong'ona kwa sauti ya kuomba, "Wewe, puliza basi chochote!" Nilipuliza. Kwa bahati mbaya tarumbeta lilikuwa na kitambaa ndani, sijui kiliingiaje, ndugu zangu, sijui mpaka leo.

"Mheshimiwa," alisema Bi Sijaona kwa upole, kutoka mstari wa mbele, "niende au nisiende?"

Walitazamana. Na kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe, naamini Meya wetu alimwelewa mwananchi.

"Choo," alisema, "kifunguliwe! Sasa hivi!"

* * *

Alishuka jukwaani akitembea kwa magoti yaliyobanana. Kwa kuwa alikuwa bado anazungumza, hakuna aliyeweza kusema ameondoka bila makofi. Bwana Tundwe alimkimbilia na kijitabu cha sheria ndogo.

"Mheshimiwa, utepe! Hakifunguliwi bila utepe kukatwa na hotuba!"

"Mkasi!"

Mkasi uliachwa kwenye gari la nyuma, nalo lilikuwa limekwenda kuthibitisha. Bi Sijaona akaegemeza karai kiunoni, akatoa kisu chake cha mihogo, akampa kwa adabu zote, mpini ukitangulia. Mheshimiwa akakata. Kufuli likatolewa. Kisha akatoa hotuba fupi kuliko zote katika historia ya Makofini.

"Kimefunguliwa."

Akasimama. Mlango uko wazi mbele yake, na hawezi kuingia. Jasho lilimtoka, machozi yalimtoka, na vingine alivizuia kwa ushujaa ambao sasa uliustahili ule ukanali.

"Na meza zetu, baba?" aliuliza Bi Sijaona.

"Meza ya mtu aliyekwenda chooni ni ya mwenyewe! Mgambo asiiguse! Andika, Tundwe, andika!"

Bwana Tundwe akaandika, na mgambo akasikia.

Bi Sijaona aliweka karai chini, taratibu, mafuta yasimwagike. Akafuta mikono kwenye khanga. Akapiga makofi. Mama Nyamizi akatua tenga, kuku wakaachiwa, watoto wa kuazima wakarudishwa, na soko lote likalipuka kwa makofi ambayo Bwana Chekanao hakuwa na mizani yake. Hata tarumbeta langu likazibuka. Mheshimiwa hakuyasikia mpaka mwisho, alikuwa keshaingia.

Kisha sauti ikatoka ndani.

"Tundwe! Mbona hakuna maji?"

Ni kweli, maji yalikatwa siku ya utepe, na hakuna aliyekumbuka. Bwana Tundwe alitutazama sisi, akautazama mlango.

"Mheshimiwa," aliita Bi Sijaona, "wananchi tulishauriwa kupunguza. Lakini usihofu, jambo hili tutalifikisha kwa wenye jiji." Akatugeukia. "Ndugu zangu, lipo pendekezo kwamba Mheshimiwa aletewe kopo la maji. Anayeunga mkono apige makofi."

Tulilitafakari pendekezo lile. Hatukutaka kukurupuka. Mama Nyamizi aliuliza kama umefanyika utafiti wa nje ya nchi, na kinyozi akaomba iundwe kamati. Huko ndani Mheshimiwa alitoa amri kwa sauti ambayo Idara ya Maji haijawahi kuisikia, na bomba ambalo kwa kawaida lingesubiri vikao vya mwaka mzima liliunganishwa kabla muuza kahawa hajamaliza kumimina kikombe.

Mheshimiwa alipotoka hakumtazama mtu. Kumbukumbu za Halmashauri zinasema mradi ulizinduliwa na Meya na kutumiwa papo hapo, na hilo ni kweli tupu.

Baada yake aliingia Bi Sijaona. Aliacha mihogo mezani, karai jikoni, na kisu juu ya sahani. Hakukimbia. Alikaa humo kwa raha zake, tukamsikia anaimba, na mgambo alisimama kando ya meza ile akiitazama mihogo, mikono yake ameifunga nyuma.